Kumpeleka Korongo Mlimani

Wengi wenu mmeiona ile picha. Nimekaa juu ya magunia ya maharage nyuma ya pikapu, nimejifunga kitenge kichwani kwa ajili ya upepo, nimekumbatia ndege mkubwa mwenye mdomo mwekundu, na mtu fulani ameandika chini yake kwamba mama wa Njiro sasa anauza bata mzinga. Picha imezunguka kwenye kundi letu la kwaya, mmecheka, mmeniuliza, na kila nikianza kueleza mtu ananikatiza akitaka kujua nyama yake ina ladha gani. Basi nimekaa niandike mara moja kwa wote, tangu mwanzo, mahali ambapo hakuna wa kunikatiza.

TERRAT

Nilikwenda Terrat, kijijini nje ya mji, na shemeji yangu Zakaria, mdogo wa mume wangu. Yeye ndiye mwenye pikapu, na msimu wa maharage hunibebea mzigo ninaonunua kwa wakulima. Zakaria ni Mmeru wa Akheri, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, mtu ambaye mnaweza kusafiri naye nusu siku akatoa maneno matatu, na mawili yakawa salamu. Mimi, mnanijua, ni Mchaga wa Machame niliyeolewa Meru, na maneno ninayo ya kututosha wote wawili.

Tulishapakia tukawa tunaaga kwa mzee Loishiye, ambaye nimenunua kwake miaka mingi, nilipoona kwenye shamba lake la mahindi vitu vyeupe vimetapakaa. Nikadhani ni mifuko ya mbolea. Tukasogea. Walikuwa korongo.

Msiowajua hawa ndege, niwaeleze. Siyo wale wakubwa wenye vipara wanaosimama jalalani. Korongo mweupe ni msafi, urefu wake unanifika kiunoni, manyoya meupe isipokuwa nusu ya nyuma ya mabawa ambayo ni meusi, mdomo mrefu mwekundu na miguu mirefu myekundu. Huko Ulaya ndiko anakotagia. Baridi ikianza kule anashuka Misri, anaufuata Nile, anafika kwetu vuli ikiwa imelowesha ardhi, na masika yakikaribia anarudi. Jamaa zake wengi hawatoki majini, lakini yeye hapa kwetu utamkuta zaidi shambani, akitembea polepole kama mkaguzi, akiokota panzi na viwavi mmoja mmoja. Mwaka viwavijeshi wakiingia, korongo huja kwa makundi. Mkulima halipi chochote, hata asante hasemi.

Sasa walikuwa wamelala chali, shingo zimepinda. Kijana mmoja mwenye pikipiki alikuwa anawatia kwenye gunia.

"Unawapeleka wapi hao?" nikamuuliza.

"Sakina, mama. Kwa Mama Glory pale kwa mafundi magari. Nyama ya bure hii, Mungu ametushushia."

Nikamwambia kumla ndege aliyetoka safari ya mbali hivyo ni aibu. Akacheka kwa adabu, akafunga gunia nyuma ya kiti, akaondoka. Mnaona, wakati huo nilikuwa nimekasirika kwa sababu ndogo. Sababu kubwa nilikuwa sijaijua.

Mzee Loishiye ndiye aliyeniambia. Alikuwa amesimama pembeni, pampu ya dawa bado mgongoni, uso umemshuka.

"Jana nilipuliza viwavi," akasema. "Muuza dawa aliniambia mwaka huu ni wabishi, niweke vifuniko viwili badala ya kimoja. Leo asubuhi ndege wamekuja kula viwavi."

"Kwa hiyo wamekula sumu."

"Sikuwapuliza ndege, Mama Neema. Nilipuliza viwavi."

"Na yule kijana umemwacha aondoke nao?"

"Simjui. Alipita tu njiani akawaona. Nilidhani anakwenda kuwatupa."

Sikujua nimkasirikie nani kwanza, muuza dawa, mzee, kijana, au watu wa Sakina ambao mchana huo wangekaa kwenye benchi kula sumu ya viwavi kwa pilipili na ndimu. Nikampigia simu mume wangu aliyekuwa nyumbani na gari. Mtandao wa Terrat mnaujua.

"Baba Neema, kuna korongo hapa, hali ni mbaya sana. Wahi Sakina, watu watakufa."

"Korongo? Gari limeingia?"

"Siyo gari, gunia. Wahi kwa mafundi."

Ikakatika. Nikajua ameelewa. Kumbe yeye alielewa korongo la mvua, lile shimo linalomeza barabara. Alichukua kamba na jirani mwenye nguvu, akaenda kusimama ukingoni mwa korongo huko Sakina, akiuliza wapita njia gari lililotumbukia liko wapi. Hilo nililijua jioni.

Tulipogeuka kuondoka, mmoja wa wale ndege alifungua jicho. Zakaria alimwona kwanza. Alivua koti lake akamfunga mabawa, akanikabidhi.

TERRAT HADI NJIRO

Njia yetu ilipita Njiro, na Njiro kuna kliniki ya mbwa na paka ambayo magari ya maana husimama nje. Nikawaza nitamwacha ndege pale mara moja kisha tukimbie Sakina. Kosa langu lilikuwa kuamini neno "mara moja".

Mlinzi wa geti alitaka kujua kama huyo bata ana miadi. Ndani, daktari kijana aliyevaa gauni la kijani alimtazama ndege kwa mbali, akasema ana ugonjwa wa ngozi miguuni, maana miguu ilikuwa na ukoko mweupe. Nikamwambia ndege amekula sumu ya viwavi, anatetemeka, mate yanamtoka, miguu ni jambo la baadaye.

"Mama, huyu ni mali ya serikali," akasema. "Nikimgusa bila kibali ni kesi. Na wewe ukikamatwa naye ni kesi."

"Basi nipe namba ya wenye kibali."

Akanipa. Nikapiga palepale. Aliyepokea alinisikiliza hadi mwisho kwa upole kabisa, kisha akaniambia niandike barua nipitishie kwa mtendaji wa kata. Nikamuuliza kama ndege aisubiri barua akiwa hai au afe kwanza. Akasema hilo ni juu yangu.

Nilipokata simu nikamkuta yule daktari ameinama karibu na mdomo wa ndege, simu yake imenyooshwa, anajipiga picha naye. Kumgusa ilikuwa kesi, kutabasamu naye haikuwa kesi. Nilitoka bila kuaga, na mimi huwa naaga hata mbuzi.

NJIRO HADI SAKINA

Nilimwambia Zakaria akanyage mafuta. Zakaria haendeshi kwa kuambiwa. Alifika kila mzunguko akasimama, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akampisha kila mtu kama mwenyeji mlangoni kwake. Ndege alikuwa mapajani mwangu na nilimsikia moyo wake kupitia koti, unadunda upesi upesi, halafu unatulia kiasi kwamba ninamtikisa kidogo kuhakikisha.

Sakina tulimpata Mama Glory kwa kufuata moshi. Ana kibanda kati ya gereji mbili, jiko la nusu pipa, mabenchi mawili, na wateja wake ni mafundi na makondakta. Kwenye beseni kulikuwa na ndege waliokwisha kunyonyolewa. Mwenye pikipiki alikuwa amekaa juu ya tairi anatafuna.

"Karibu dada," Mama Glory akasema. "Kuna kanga wa porini leo."

"Siyo kanga. Ni korongo, na wamekufa kwa sumu. Usimpe mtu."

Akaniangalia kuanzia kichwani hadi viatuni. "Dada, una kibanda chako wapi?"

"Sina kibanda."

"Basi usiniharibie changu. Fredi aliyewaleta ameonja firigisi mbele ya watu wote, na amekaa pale mzima."

Mafundi wakacheka. Mmoja akasema labda mama anataka zote peke yake. Niliona maneno hayasaidii, nikarudi garini nikamleta ndege, nikamlaza kwenye benchi katikati yao. Alikuwa hawezi kuinua shingo. Ute ulikuwa unaning'inia mdomoni kama uzi, miguu inarukaruka yenyewe, na mboni ya jicho imesinyaa ikawa kama tundu la sindano.

"Huyu alikuwa nao shambani," nikasema. "Amekula walichokula wenzake. Mtazameni."

Wakamtazama. Mama Glory alimtazama kwa muda, kisha taratibu akageuza uso kwa Fredi.

"Fredi, mbona unatoka mate?"

"Pilipili," Fredi akasema, akajifuta kwa kiganja.

"Sijaweka pilipili bado."

Fredi alitaka kusimama. Miguu ikakataa. Alikaa tena juu ya tairi, jasho limemvuja shati lote, mikono inatetemeka juu ya magoti, na alikuwa anatuangalia kwa macho ya mtu ambaye ametambua kuwa mazungumzo yanamhusu. Mama Glory aliinua wavu wa kuchomea kwa mikono mitupu na kuimwaga nyama majivuni.

Zakaria alikusanya nyama yote, mbichi na iliyoiva, utumbo na manyoya, akairudisha kwenye gunia akalifunga kwa waya ili mbwa wasilipate, baadaye tukalizika kwa kina. Na mniamini au msiniamini, wakati anafunga, fundi mmoja alisema kwa sauti ya kusikitika kabisa, "Si mtuachie hata mapaja, firigisi ndiyo yenye sumu."

SAKINA HADI HOSPITALI

Zakaria akasema neno lake la kwanza la siku. "Mgonjwa mbele."

Basi Fredi akawekwa mbele, mimi na ndege tukapanda nyuma juu ya magunia. Hapo ndipo mtu alipopiga ile picha mliyoicheka. Sasa mnajua mbele ya gari kulikuwa na nani.

Getini hospitali mlinzi alituzuia. Alisema hapa siyo bustani ya wanyama. Nikashuka, nikamwambia afungue mlango wa mbele aone mnyama wangu. Alipomwona Fredi anatapika kwenye kofia ya Zakaria, akafungua geti.

Muuguzi wa mapokezi aliuliza mgonjwa ni yupi, na sikumlaumu, maana nilikuwa nimetangulia na ndege. Kisha akauliza mgonjwa amekula nini. Nikasema firigisi ya ndege. Akaandika kwamba ameharibikiwa na tumbo. Nikasema siyo tumbo, ni sumu ya viwavi. Akauliza kama Fredi alikunywa dawa ya viwavi kwa makusudi, ana mgogoro na mkewe? Fredi, ambaye alikuwa hawezi kufungua macho, akasema hajaoa.

Nilipaza sauti. Nakiri, korido nzima ilinisikia. Akatoka daktari mmoja, mwanamke mdogo kuliko binti yangu Neema, na huyu nitamshukuru hadi kesho. Hakuniuliza kelele za nini. Alimtazama Fredi macho, akamtazama ndege macho, akarudi kwa Fredi.

"Wote wamekula kitu kimoja?"

"Wote."

Akaita dripu na sindano papo hapo, wakaondoka na kitanda mbio. Alipopita tena nikamwomba tone moja la ile dawa kwa ajili ya ndege. Akasema hawezi, ya watu ni ya watu na haipatikani kirahisi. Ila alisimama kidogo akaongeza, "Madaktari wa mifugo huwa nayo. Tafuta mmoja anayefahamu kazi."

Nikamweleza Zakaria maneno hayo nje. Akafikiri.

"Kuna Daktari Ndeshukuru," akasema. "Jirani yangu Akheri. Alikuwa wa mifugo wilayani hadi alipostaafu."

"Shemeji, na hukusema tangu Terrat?"

"Ulisema Njiro."

HOSPITALI HADI AKHERI

Sitaeleza foleni ya Tengeru. Ilikuwa siku ya soko, ndizi zimefika barabarani, na tulisimama hadi nikawajua wauzaji kwa majina. Mama mmoja wa machungwa alinipa maji kwenye kifuniko cha chupa nimdondoshee ndege, kisha akauliza kama anataga. Nikamwambia anataga Ulaya. Akaguna, akasema kumbe na ndege nao huzalia huko.

Daktari Ndeshukuru tulimkuta anachambua kahawa barazani. Ni mama mrefu, mkali. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku mikono yake imeshafika kwa ndege. Hakuuliza kibali. Alichoma sindano chini ya ngozi, akamshika kichwa kisizame asije kupaliwa na mate yake, akasubiri, akachoma nyingine. Nilipomtajia ugonjwa wa ngozi aliosema yule wa Njiro, alikunja uso.

"Hicho ni choo chake. Jua likimwakia hujinyia miguuni apoe. Ndiyo maana huku kwetu miguu inaonekana myeupe. Kijana wa watu amesoma mbwa."

Kisha akaanza kukasirika yeye, na nikajihisi nimefika nyumbani. Alisema ametumia nusu ya maisha yake akiwaambia watu wasiuziane dawa kwenye chupa za soda, wasioge mtoni baada ya kupuliza, wasizidishe vipimo. "Walinipigia makofi kila mkutano," akasema. "Makofi tu."

Alitupatia bakuli la loshoro baridi, mahindi ya kupondwa na maziwa mgando, na mimi nisiyependa maziwa hayo nilimaliza nikaomba tena, maana tangu asubuhi nilikuwa nimekula hasira. Usiku ule tulilala kwa Zakaria. Nilisali kwa ajili ya Fredi, nikaongeza na ndege, na kama mchungaji ana neno juu ya hilo aniambie mwenyewe.

Kulipokucha nikaamshwa na kelele kutoka uani kwa daktari, kama mtu anagonga vijiti viwili kwa haraka. Korongo hana sauti, koo lake halitoi mlio. Anachofanya ni kugongesha mdomo. Nilipofika nikamkuta amesimama katikati ya migomba, kichwa amekilaza nyuma hadi mgongoni, anagonga, na jogoo wa Daktari Ndeshukuru amepanda juu ya ukuta kwa hofu. Nililia kidogo. Zakaria alijifanya anatafuta jembe.

AKHERI HADI NGARE NANYUKI

Ndege alikaa pale siku kadhaa hadi akapata nguvu, analishwa vipande vya nyama na panzi. Halafu daktari akasema aachiwe mahali penye nyasi wazi na wenzake, lakini siyo Terrat. Zakaria alisikia kwamba korongo wanaonekana tambarare za Ngare Nanyuki, upande wa pili wa Mlima Meru. Tukapita Usa River, tukazunguka Meru kwa vumbi.

Daktari alikuwa ametuonya tusimwachie mapema. Korongo hapendi kupiga mabawa, ni kazi nzito kwake. Husubiri ardhi ipate moto, hewa ipande, yeye apande nayo akizunguka bila kutikisa hata unyoya. Ndiyo sababu hakatizi bahari, hewa ya majini haimbebi. Basi tukakaa kwenye nyasi, tunakula mahindi ya kuchemsha, tunasubiri joto. Wachungaji wawili walikuja kuuliza gari limeharibika nini. Nikawaambia tunasubiri hewa ipande. Wakakaa nao.

Jua lilipokuwa kali nikamfungua kitenge nilichomfungia. Alitembea kwanza, hatua zake zilezile za ukaguzi. Akakimbia kidogo, akapiga mabawa mazito, nikadhani ataanguka. Kisha kitu kikamshika kutoka chini. Akanyoosha mabawa, shingo mbele, miguu nyuma, akaanza kuzunguka juu yetu, kila duara juu zaidi, hadi weupe wake ukapotea na tukawa tunaona tu ule weusi wa mabawa.

"Atafika Misri huyo," Zakaria akasema.

"Akiyapita mashamba yote ya katikati," nikasema. Sikuwa nimesema kwa mzaha.

KURUDI MJINI

Tulipitia hospitali. Mume wangu alikuwa pale kabla yetu, bado amenuna kwa ajili ya kamba na korongo la Sakina, lakini alikuwa amemletea Fredi mtori wa ndizi kila siku bila kuniambia. Fredi alikuwa amekaa kitandani, amekonda, macho yamerudi kawaida. Aliniamkia vizuri. Aliuliza kama ndege alipona, nikamwambia ameruka. Akafurahi kweli.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Njia nzima kutoka Ngare Nanyuki nilikuwa naipanga, juu ya kuokota mizoga na kuwalisha watu. Nikaianza. Aliisikiliza sehemu ya kwanza, ameinamisha kichwa, kisha akaniuliza kitu kwa sauti ndogo.

"Mama, yule daktari amesema kutetemeka kule na mate na jasho ndiyo sumu yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe."

"Kila dawa ya mashambani inafanya hivyo?"

"Nyingi. Kwa nini?"

Alitazama viganja vyake. "Mimi pikipiki ni ya siku za mapumziko. Siku nyingine napuliza nyanya kwa tajiri mmoja, mimi na wenzangu. Hali hii naijua. Kila tukipuliza tunatetemeka hivi, tunatapika, tunalala. Tajiri alituambia ni malaria, akatununulia vidonge."

Mume wangu aliweka bakuli chini. Mimi hotuba yangu iliishia hapo, na nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikamuuliza wenzake ni akina nani, na kama leo wako shambani.

"Wako," akasema. "Leo ni siku ya kupuliza."

Zakaria alikuwa ameshatoa funguo mfukoni.